Siki ya Uraka

Kwenye baraza la nyumba ya Bi Kidawa, Kilwa Kivinje, kuna mahali ambapo saruji imeliwa. Ni duara moja, upana wa kitako cha dumu, karibu na mlango. Hapo ndipo yalipokuwa yakitua madumu ya siki kutoka Mitole, na matone yaliyovuja yakaila saruji polepole, mwaka baada ya mwaka, mpaka kokoto zikatokeza. Madumu hayaji tena. Wateja wanaosimama kununua achari bado hunusa kwanza, kwa mazoea, wakiitafuta ile harufu kali iliyokuwa ikiwapokea kabla ya mwenye nyumba, kisha hukumbuka. Ndoo za maji huwekwa upande wa pili. Wageni hukaribishwa kiti kingine. Bi Kidawa ni mtu asiyependa kuona mahali patupu nyumbani mwake, lakini pale amepaacha vile vile.

Aliyekuwa akiyaleta madumu hayo ni Emerensiana binti Klementi, mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mikono iliyobabuka kwa utomvu wa korosho. Alizaliwa Nyangamara, kwa wazazi Wakatoliki wa Kimakonde walioteremka kutoka uwanda wa juu kutafuta ardhi. Aliolewa na Valerian, na miaka ile ya watu kuhamishiwa vijijini wakajikuta Mitole, wamepewa shamba la mikorosho iliyotelekezwa, magugu yamefika mabegani. Walifyeka miaka miwili ndipo wakaona mwisho wa shamba uko wapi.

Korosho ilikuwa ya Valerian. Mabibo yalikuwa ya Emerensiana. Ndivyo walivyogawana bila kukaa kikao. Mume aling'oa korosho na kuianika. Mke aliyaokota yale matunda, mekundu na manjano, akayaponda kwenye kinu, akayakamua, akachuja maji yake na kuyaweka kwenye vyungu yawe uraka. Siku ya kwanza uraka ni mtamu, hata bibi kizee hunywa akashukuru. Siku ya pili unachoma ulimi. Siku ya tatu wanaume huanza kuimba. Ukifika siku ya tano haunyweki tena, umechacha, na mama mpishi huubeba mpaka nyuma ya nyumba akaumwaga shimoni. Kila nyumba ya uraka pale Mitole ilikuwa na shimo lake, na kwenye msimu nzi walilijua kila shimo.

Shimo la Emerensiana lilikuwa dogo, kwa sababu uraka wake haukubaki. Mpaka mwaka wa tisini na mbili. Mwaka huo soko lilifunguliwa, wanunuzi binafsi wakaanza kuingia vijijini na mizani yao, na wakulima ambao zamani walisubiri malipo ya chama cha ushirika mpaka wakasahau kuwa wanadai, sasa walilipwa papo hapo, chini ya mti, noti mkononi. Lori lililokuja kuchukua magunia lilikuja na kreti za bia. Vijana waliokunywa uraka wa Emerensiana tangu ndevu zao hazijaota wakawa wanapita mbele ya nyumba yake wameshika chupa shingoni.

"Karibuni," anawaambia.

"Tumeshakaribia, mama Angela," wanajibu, wanainua chupa ili aione nembo.

Hakuwachukia. Aliona hata yeye, kama angekuwa kijana mwenye noti ya kwanza maishani mwake, angetaka kitu chenye kizibo. Lakini vyungu vilikaa vimejaa, na shimo likapanuka, likaanza kunuka mpaka jirani akahamisha jiko.

Katikati ya msimu huo dada yake, Debora, alilazwa katika hospitali ya misheni Kipatimu. Emerensiana alifunga mzigo akaenda kumuuguza, na kwa barabara ile ya milima ya Umatumbi, mtu akishafika hageuzi upesi. Alikaa wiki sita. Debora alipona. Emerensiana aliporudi alikuta uwanja umefagiwa, kuku wote wapo, na uvunguni mwa ghala chungu kimoja cha uraka alichokisahau, kimefunikwa kipande cha kanga kuukuu.

Alikivuta akitegemea uvundo. Akakuta utando mweupe umetanda juu kama ngozi ya maziwa, na chini yake maji yaliyotakata, rangi ya chai hafifu ya mgonjwa. Harufu ilipanda puani ikamtoa machozi. Akachovya kidole.

"Baba Angela, njoo uonje."

"Nionje nini?" Valerian alisimama mbali. "Kitu cha wiki sita?"

"Siki. Imekuwa siki, kama ile ya duka la Mhindi pale Lindi tulipokuwa vijana."

Valerian alionja, akafinya jicho moja, akasema kwamba yeye alioa mpika uraka, na sasa anaona ameletewa mtu mwingine. Jioni hiyo walikula samaki mkavu aliyelowekwa kwenye ile siki, na Valerian alilamba sahani.

Wiki iliyofuata Emerensiana alikwenda Kivinje kuuza kuku, akachukua na chupa moja ya siki, aone kama wakaanga samaki watapenda. Hakufika kwa wakaanga samaki. Pembeni mwa soko alikaa mwanamke mnene, mweupe wa sura, na mbele yake machupa ya achari ya embe, ya ndimu na ya pilipili, na alikuwa akimlalamikia kila aliyepita kwamba siki inayoletwa siku hizi kutoka Dar ni maji ya betri, inalainisha embe mpaka linakuwa uji. Huyo ndiye Bi Kidawa.

"Mama, hiyo chupa ina nini?"

"Siki."

"Ya dukani?"

"Ya kwangu."

Bi Kidawa aliifungua akanusa. "Ee! Hii inamwamsha maiti." Alijimiminia tone kwenye ncha ya kidole, akakipeleka mdomoni, kisha akasita. "Umeipika na nini?"

"Uraka."

Kidole kilibaki hewani. Bi Kidawa akakitazama kama si chake. "Uraka huu huu wa kulewa?"

"Ulikuwa wa kulewa. Sasa haulevyi hata sisimizi."

"Weka hapo chini. Usiondoke. Subiri nimwite Maalim."

Maalim Abdulwahab alikuwa mwalimu wa madrasa, mtu mwembamba aliyetengeneza saa za watu baada ya darasa, na alikuja na kioo chake kidogo cha fundi bado kimening'inia shingoni. Emerensiana alimwamkia.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mama. Nitakuuliza neno moja, unijibu kama unavyomjibu padri wako. Hii iligeuka yenyewe, au kuna kitu ulitia?"

"Sikuwepo, Maalim. Nilikuwa Kipatimu namuuguza dada. Niliporudi nikaikuta hivyo."

"Hukutia chumvi? Mkate? Hamira?"

"Niliisahau tu."

Maalim akacheka mpaka kioo kikarukaruka kifuani. Kisha akaeleza, taratibu, kama anayesoma. Kwao wao, kileo kikigeuka siki chenyewe, kimekuwa kitu kingine, safi, halali mezani. Lakini kikitiwa kitu ili kigeuke, hapana. Uchafu unabaki mle mle. Kukitoa kivulini kukipeleka juani hakuna ubaya. Kutia ndiko kubaya. Alipomaliza akachovya kidole, akaonja, akatikisa kichwa kwa raha.

"Usitie kitu, mama," alisema Bi Kidawa, akimshika mkono. "Umesikia? Uniletee yote uliyo nayo, lakini usitie kitu."

"Sitii," alisema Emerensiana. Na alisema kweli, kwa jinsi alivyoelewa.

Basi msimu uliofuata hakupika uraka wa kuuza kabisa. Alizunguka kwa wapikaji wenzake kila asubuhi na ndoo, akachukua ule wa siku ya tano ambao ungemwagwa, akaujaza kwenye vyungu vyake vipana, akafunika kwa nguo nyepesi na kuviacha. Wenzake walimcheka. "Emerensiana anakusanya matapishi ya kijiji," walisema, lakini walimpa, maana alikuwa anawapunguzia nzi. Vyungu vilikuwa vinne, vikawa tisa. Vile vya zamani viligeuka upesi kuliko vipya, kana kwamba udongo wenyewe ulikwisha kuijua kazi.

Aliyemfumbulia jambo hilo ni bwana shamba wa kata, Bonaventura, kijana aliyetoka chuoni na pikipiki isiyowaka. Alikuja kuzungumzia ugonjwa wa ubwiriunga kwenye mikorosho, akakuta vyungu, akasahau ubwiriunga.

"Hawa ni bakteria, mama. Vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vimejificha kwenye matundu ya udongo wa chungu, unapomimina uraka vinaamka. Vinakula kile kileo, vinatema uchachu. Lakini vinataka hewa, ndiyo maana chungu cha mdomo mpana ni bora, na ndiyo maana usikifunike kwa mfuniko."

"Vinakula kileo chote?"

"Chote."

"Kwa hiyo vinalewa?"

Bonaventura alifikiri. "Vinalewa kwa niaba yetu."

Huyo huyo Bonaventura alimwonyesha cha kufanya na makapi ya mabibo, ambayo nayo yalikuwa yakitupwa. Walilifukia lile shimo la zamani nusu, wakalitandika majani ya migomba, wakashindilia makapi kwa miguu na kuyafunika yasipate hewa kabisa. Huko chini, alisema, kuna vijidudu vya aina nyingine, vinavyochukia hewa, vitayachachusha makapi kama mtu anavyogandisha maziwa. Kiangazi kilipokuja, nyasi zikakauka, Emerensiana alifunua shimo akakuta makapi ya kahawia yenye harufu ya mgando, na mbuzi wa Valerian wakayala kwa kugombana. Majirani walioziba pua zamani wakaja kuomba ndoo mbili tatu.

Ilikuwa miaka miwili ya raha. Kila baada ya wiki mbili Valerian alifunga madumu kwenye baiskeli, au walidandia lori, na Emerensiana akaingia Kivinje. Alizoea baraza la Bi Kidawa. Alipewa kahawa na kashata, na kigoda chake. Walizungumza juu ya watoto. Bi Kidawa alikuwa na wa mwisho, Maimuna, anayetafutiwa mchumba, na Emerensiana alikuwa na Angela, aliyekuwa chuo cha ualimu. Achari ya Bi Kidawa ilianza kuulizwa mpaka Lindi. Watu walisema embe lake linalia likitafunwa.

Msimu wa tatu mambo yaliharibika. Mvua iliwahi, hewa ikawa ya majimaji, na vyungu vitatu vya kwanza vikaota ukungu wa kijani vikanuka kama kitambaa cha jikoni. Emerensiana alivimwaga. Akaviosha vyungu, akavianika, akavijaza upya, na roho yake haikutulia. Mchumba wa Maimuna alikuwa amepatikana, harusi ilikuwa mwezi wa Shaabani, na Bi Kidawa alikuwa ameagiza siki ya achari ya harusi. Kama siki isingetoka, ni nyumba ile ndiyo ingeaibika.

Siku ya Kristo Mfalme alirudi kutoka kanisani na chupa ndogo ya maji ya baraka. Mama yake, kule Nyangamara, alinyunyizia maji ya baraka kwenye mbegu kabla ya kupanda, kwenye majembe, kwenye chungu kipya kabla hakijaona moto. Hakuna aliyeiita kazi hiyo kutia kitu. Ilikuwa sala yenye unyevunyevu. Emerensiana alipita chungu hadi chungu, akainua nguo, akadondosha matone matatu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, akafunika. Valerian alikuwa amekaa mlangoni akichonga mpini.

Siki ya msimu ule ilitoka nzuri kuliko zote.

Siku tatu kabla ya harusi, Emerensiana alikuwa uani kwa Bi Kidawa, amealikwa kusaidia jikoni, amepewa kisu na gunia la vitunguu. Wanawake walikuwa wengi, na kati yao Bi Mwahija wa Kilwa Masoko, shangazi wa bwana harusi, aliyekuja kukagua kwa jina la kusaidia. Alifungua chupa kubwa la achari akavuta harufu.

"Kidawa, hii siki ya wapi?"

"Mitole."

"Mitole! Kwa walevi?" Wanawake wakacheka. "Usije ukatulevyea bwana harusi akaoa sufuria."

"Maalim," Bi Kidawa aliita, maana Maalim Abdulwahab alikuwa upande wa pili wa ua akihesabu mikeka, "hebu mfundishe huyu mtu wa Masoko."

Maalim alikuja akaeleza tena, kwa maneno yale yale ya siku ile ya soko. Kisha, kwa kuwa Bi Mwahija alikuwa bado amekunja pua, akaongeza: "Sharti ni kwamba haikutiwa kitu. Kitu chochote. Hata mtu angetumbukiza tone la Zamzam ili igeuke, mimi nisingeila."

Kisu cha Emerensiana kilisimama juu ya kitunguu.

Hata Zamzam. Maji yao wenyewe, maji ya Makka, yanayobebwa kwa chupa ndogo na kunywewa kwa kuelekea Kibla. Kama hayo yanaiharibu, basi yake nayo yameiharibu, na siyo kwa sababu ni ya padri. Ni kwa sababu yaliingia. Machozi yalimshuka. Hakuna aliyeshangaa, alikuwa anakata vitunguu.

Alimaliza gunia lile. Alinawa, akaaga, akasema atarudi. Jioni hiyo hiyo alirudi Mitole.

Valerian alimsikiliza mpaka mwisho. "Matone mangapi?"

"Matatu kila chungu."

"Matone matatu kwenye chungu cha madebe mawili! Hata kuku hawezi kuyaonja."

"Wewe ulikuwepo. Uliniona."

"Mimi sikuona. Nilikuwa nachonga mpini."

"Baba Angela."

"Nasema tu. Mimi, wewe na Mungu. Mungu hawezi kwenda kumsema mtu kwa Bi Kidawa." Aliona mkewe hacheki, akaacha. "Ukimwambia, ndiyo basi. Unajua hivyo? Nani mwingine atanunua siki hapa? Na utakuwa umemharibia harusi."

"Nisipomwambia, nimewalisha watu mia wasichokila, siku ya harusi ya mtoto wao." Emerensiana alikuwa anakunja na kukunjua upindo wa kanga. "Fikiria yeye anilishe nyama Ijumaa Kuu, anajua, ananitazama natafuna, ananyamaza. Siku nikijua, ningemwitaje?"

Valerian aliinuka akaichukua pampu, akaanza kujaza upepo kwenye tairi la nyuma. "Tutatoka kukipambazuka," alisema.

Walifika Kivinje jua limekaza. Bi Kidawa alikuwa anagombana na muuza kuni. Emerensiana alimwomba waingie ndani kidogo, wakaingia kwenye chumba cha akiba, penye magunia ya mchele na machupa saba ya achari yamepangwa kwenye rafu, kila moja limefungwa karatasi nyeupe. Akamwambia. Hakupamba. Alisema maji, alisema matone, alisema majina matatu.

Bi Kidawa alikaa juu ya gunia la mchele.

"Jana ulikuwa hapa."

"Nilikuwa hapa."

"Ukamsikia Maalim."

"Ndipo nilipojua."

"Kwa nini hukuniambia jana?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kukosa pa kuleta siki. Na pa kukaa," alisema Emerensiana. "Hapo kwenye baraza."

"Na leo?"

"Leo naogopa zaidi ya jana. Lakini nimekuja."

Nje wanawake walikuwa wakipiga vigelegele vya majaribio na kuchekana nani ana sauti ya mbuzi. Bi Kidawa aliyatazama machupa yake, moja moja, mpaka la saba. "Harusi kesho kutwa, Emerensiana," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina tupu, bila mama mbele.

Aliitwa Maalim. Alisikiliza amesimama, akishikashika kioo chake. Aliuliza nani mwingine aliyejua. Akaambiwa ni mume tu. Akauliza kama mume alimtuma. Akaambiwa mume alimkataza, kisha akamleta kwa baiskeli. Maalim akamgeukia mwenye nyumba.

"Achari hii isiingie kwenye sinia. Hilo ndilo langu. Mengine ni yenu wawili."

Emerensiana alibaki amesimama, mikono imening'inia. Alitegemea kufukuzwa, na angekwenda. Bi Kidawa alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akavuta pumzi ndefu.

"Usisimame kama nguzo," alisema. "Ndimu zile pale kapuni. Nyanya ziko uani. Tutakula pilau na kachumbari, kama watu wasio na mpishi."

Bi Mwahija hakuiacha nafasi hiyo ipite. Siku ya harusi alizunguka na sahani yake akiuliza kwa sauti, "Jamani, Kidawa wa achari, achari iko wapi?" Bi Kidawa akamjibu, "Imeharibika." Wakauliza imeharibikaje. "Imeharibika tu. Kula ndimu." Hakuongeza neno, siku ile wala siku nyingine, na mtu aliyekuwa anakamua ndimu nyuma ya sufuria kubwa, mikono inawaka kwa uchachu, alisikia kila mara alipojibu hivyo.

Yale machupa saba yalikwenda Mitole kwenye lori, yamefungwa kwa majani. Yaliliwa na kwaya, na Bonaventura, na Valerian, ambaye alikula achari na ugali, na mihogo, na hata na uji, mpaka Emerensiana akamficha la mwisho.

Lakini hakupata wito kutoka Kivinje. Mfungo wa Ramadhani ulikuja ukapita. Masika yakaja. Vyungu vilivyobaki vilikaa kimya ukutani, na Emerensiana alitumia siki kusugulia sufuria. Hakujuta. Alisikia tu kwamba siku ya kwenda Kivinje ilikuwa ikifika na kupita bila kuwa na jina. Mara mbili alijikuta amevaa kanga yake nzuri bila safari.

Mabibo ya kwanza yalipoanguka mwaka ule, lori la wanunuzi lilisimama mbele ya nyumba, na akashushwa kwa kusaidiwa na watu wawili Bi Kidawa, amejifunika pua kwa mtandio, kwapani bunda la vitambaa vyeupe.

"Hodi! Hapa ndipo mnapolewa?"

"Karibu, Bi Kidawa." Emerensiana hakujua aweke wapi mikono. "Karibu ndani."

"Ndani baadaye. Nimekuja kuviona hivyo vijidudu vyenu."

Alikaa siku mbili. Alitaka kuona kila kitu: kinu, ndoo, shimo la makapi, jinsi uraka wa siku ya tano unavyomiminwa. Alipita chungu hadi chungu akikigonga kwa kidole. Pamoja walisukuma vyungu vikakaa kivulini, chini ya upenu, mpaka mapovu yatakapotulia. Baada ya hapo vingetolewa juani kila asubuhi, maana Maalim aliruhusu kuhamisha tangu siku ya kwanza, na Bonaventura aliapa kwamba joto ndilo vijidudu vyake vinachotaka wakati wa mvua. Bi Kidawa alifunga vitambaa vyake vyeupe kwenye midomo ya vyungu kwa mikono yake mwenyewe, akavikaza kwa kamba. Hakusema haya ni masharti. Alisema vile vya Emerensiana vilikuwa vimechakaa.

Walipokuwa wamekaa kwenye mkeka wakimenya mihogo, Emerensiana aliuliza alichokuwa akitaka kuuliza tangu asubuhi.

"Na nikitaka kuviombea?"

Bi Kidawa alifikiri, kisu mkononi. "Viombee. Simama pale mlangoni, omba kwa sauti uitakayo. Mungu anasikia kutoka mlangoni."

"Na maji yangu?"

"Kunywa wewe."

Valerian, aliyekuwa upande wa pili wa uwanja, alicheka mpaka akadondosha mpini. Bi Kidawa naye akacheka, mabega yote yakitikisika, na Emerensiana, ambaye si mchekaji, akauficha uso kwenye kanga.

Siki ya mwaka ule ilichelewa wiki mbili, ikatoka. Madumu yakarudi kwenye baraza la Kivinje, na yakaendelea kwenda, msimu kwa msimu, kwa miaka kumi na mmoja. Achari ya harusi za wajukuu wa Bi Kidawa ilitiwa siki hiyo, na Bi Mwahija wa Masoko akawa mteja, anayelalamika na kununua. Wapikaji wengine wawili wa Mitole walijifunza kazi hiyo, wakawa wanauza ya kwao Lindi. Kisha Valerian akazidiwa na magoti, na Emerensiana naye akaanza kusimama njiani kupumzika kabla hajafika kisimani, na binti yao akaja kuwachukua.

Emerensiana sasa anaishi Lindi mjini, Mikumbi, pamoja na Valerian, kwa Angela, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Kule Kivinje lile duara la barazani bado liko wazi, na Bi Kidawa hulizunguka kama vile dumu bado lipo.